Nyayo House: fungueni mlango, msipake rangi (uzi mrefu kidogo)

Mpitanjia wa Posta (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kwenye uzi wa pasipoti kijana mmoja aliuliza kwa nini mzee wake alikataa katakata kuingia naye Nyayo House, akabaki ng'ambo ya barabara mpaka shughuli ikaisha. Wachangiaji wakamjibu kwa mzaha, kisha wakarudi kwenye habari za ada na alama za vidole. Nimeona nimjibu huku kwa nafasi, maana nina hoja yangu kuhusu jengo lile na najua wengine hamtaipenda.

Kwa ndugu zetu wa Bongo na kwingineko: Nyayo House ni lile ghorofa refu kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, Nairobi, jirani na Posta kuu. Lilikamilika 1983. Juu kuna ofisi za utawala na za Idara ya Uhamiaji. Chini ya ardhi kuna vyumba ambamo Special Branch, makachero wa kisiasa wa serikali ya Moi, walitesea watu. Joto lilipanda hasa kuanzia 1986, walipokuwa wakiwasaka wafuasi wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali: wahadhiri, wanafunzi wa chuo kikuu, waandishi wa habari, mawakili, wakulima, hata watu waliokuwa hawajui Mwakenya ni nini.

Manusura wamesimulia kortini na mbele ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, na masimulizi yao yanafanana mno. Mtu alikamatwa nyumbani au kazini, akafungwa kitambaa machoni, akalazwa kwenye sakafu ya gari na kuzungushwa mjini mpaka asijue tena yuko upande gani. Gari likaingia chini ya jengo. Akavuliwa nguo, akafungiwa kwenye chumba cheusi, akapigwa na maji ya mpira yenye nguvu, kisha maji yale yakaachwa humo humo ndani. Alisimama au kuketi majini siku baada ya siku, ngozi ya miguu ikaanza kutoka. Kwenye matundu ya hewa walipuliza baridi, mara joto, mara vumbi. Chakula kilitegemea hiari yao.

Halafu lifti. Akiwa bado amefungwa macho, alipandishwa hadi ghorofa ya 24, 25 au 26, kitambaa kikaondolewa, akajikuta mbele ya jopo la maofisa wamejipanga kama bodi ya kuajiri. Kuna waliotishiwa kutupwa dirishani ili isemekane wamejiua. Aliyekataa kukiri alirudishwa majini. Aliyekubali alipelekwa mbele ya hakimu jioni, makarani wameshaondoka, hana wakili, akakubali shtaka na kufungwa jela usiku huo huo. Shtaka lenyewe mara nyingi lilikuwa kupatikana na karatasi za siri za upinzani kama *Pambana* au *Mpatanishi*, au kujua mwenye nayo na kutoripoti. Upande wa mashtaka uliongozwa na Bernard Chunga, ambaye baadaye alipanda hadi kuwa Jaji Mkuu wa Kenya na kujiuzulu 2003.

Kuna ambao hawakufika kortini. Peter Njenga Karanja, mfanyabiashara wa Nakuru, alifariki Februari 1987 baada ya kukaa mikononi mwa makachero wale. Mwezi huo huo wakili Gibson Kamau Kuria, aliyekuwa akiandaa kesi dhidi ya serikali kwa niaba ya walioteswa, aliwekwa kizuizini yeye mwenyewe.

Sasa twende 2003. NARC, muungano wa vyama vya upinzani, imeingia madarakani, watu wana furaha ya ajabu. Februari mwaka huo waziri wa sheria, Kiraitu Murungi, aliyewahi kufanya kazi ofisi moja na huyo Kamau Kuria, akafungua vyumba vile mbele ya waandishi wa habari na manusura. Ahadi ikatolewa kwamba patakuwa ukumbusho wa taifa. Kamera zikaingia, watu wakalia, milango ikafungwa. 2010 Mahakama Kuu ikawapa fidia watu 21 waliofungua kesi ya pamoja. Mei 2013 Tume ya Ukweli ikamkabidhi Rais Uhuru Kenyatta ripoti yake, na miongoni mwa mapendekezo ikataka Nyayo House iwe ukumbusho wa walioteswa. Machi 2015 Rais akaomba radhi bungeni na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10. Ukitaka kushuka leo kuviona vile vyumba kama raia wa kawaida, hakuna mlango wa kuingilia wala tiketi ya kununua.

Hoja yangu ni hii. Kila mara mada hii ikirudi, watu wanazungumzia "kugeuza" vyumba vile kuwa makumbusho: taa nzuri, picha ukutani, sauti ya kinanda, duka la fulana mlangoni. Mimi nasema pale pafunguliwe jinsi palivyo, kama kielelezo cha kesi ambayo haijasikilizwa. Hakuna ofisa hata mmoja aliyehukumiwa kwa mateso ya Nyayo House. Kuta zile bado ni mashahidi, na shahidi hapakwi rangi kabla hajatoa ushahidi.

Pili, kuishia chini ni kuipunguza hadithi. Gari, chumba cha maji, lifti, ghorofa ya 24, korti ya jioni, vyote vilikuwa mlolongo mmoja. Tukionyesha shimo peke yake, mgeni ataondoka akidhani ni kazi ya makatili wachache waliojificha gizani. Waliosaini karatasi walikuwa juu, kwenye madirisha, wanaona Uhuru Park yote.

Karibuni.

---

Mnyamwezi Mkavu

Mkuu asante kwa uzi, nimesoma mara mbili. Ila mimi naona mnaanza na mkia. Mzee aliyeoza miguu 1987 leo ana miaka sabini na ushee, anahitaji dawa za presha na karo ya mjukuu. Mmlipe kwanza, makumbusho baadaye. Huku kwetu tunasema mgonjwa haulizwi uji, nyie mnamuuliza anataka jiwe la ukumbusho la rangi gani.

---

Kamwana wa Eastlands

Nyayo House ndio nilichukulia pasipoti, foleni ikasonga, nikatoka. Hakuna aliyeniambia kitu. Hata kibao hakuna. Nilijua hii story nikiwa na miaka 26, na nimesoma historia mpaka Form Four.

---

Mzee Maziwa

Vijana mnasikiliza upande mmoja. Mwaka wa 82 jeshi la anga lilipindua nchi kwa masaa kadhaa, Agosti mosi, maduka yakaporwa, watu wakafa. Serikali ilikuwa na haki ya kujilinda. Na huyo Moi mnayemtukana ndiye aliyetupa maziwa ya Nyayo shuleni, mimi nimekunywa pakiti ile ya pembe tatu nikiwa darasa la tatu, mama yangu hakuwa na ng'ombe. Mtajenga ukumbusho wa maziwa pia?

---

Mpitanjia wa Posta

Mzee Maziwa, shikamoo. Pakiti ile hata mimi naikumbuka na siidharau hata kidogo. Naomba nikujibu kwa tarehe tu. Katiba ilibadilishwa Juni 1982 kuifanya KANU, chama cha Moi, chama pekee kwa sheria, na watu walianza kuwekwa kizuizini bila kesi kabla ya Agosti. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu, alikamatwa kabla ya jaribio lile. Halafu vyumba vya Nyayo House vilishika kasi miaka minne baadaye. Mhadhiri aliyekamatwa 1986 na kijitabu mfukoni hakuwa na ndege ya kivita.

Na kwa kweli hilo la maziwa lingefaa liwemo. Maziwa ya Nyayo, mabasi ya Nyayo, uwanja wa Nyayo, wodi za Nyayo, mashamba ya chai ya Nyayo, hata gari la Nyayo lilitengenezwa. Nyayo ilikuwa kaulimbiu ya Moi, na jina lilelile likawekwa kwenye jengo hili. Mtoto wa leo akionyeshwa pakiti ya maziwa ghorofa ya chini na mlango wa chuma chini yake, ataelewa utawala ule kuliko akisomewa sura nzima ya kitabu.

Mnyamwezi Mkavu: nakubaliana nawe kuhusu malipo, na wengi wao fidia waliyopewa na mahakama waliisubiri mno. Lakini kufungua mlango hakuhitaji bilioni. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza mahali kuwa mnara wa taifa kwa tangazo kwenye gazeti rasmi la serikali. Karatasi moja. Hilo halimnyang'anyi mzee dawa yake.

---

Nakasero Boy

Greetings kutoka Kampala, Kiswahili changu mtanisamehe. Nimefika Lubiri, ikulu ya Kabaka pale Mengo. Ndani ya uwanja kuna handaki ambalo lilijengwa kuwa ghala la silaha, utawala wa Idi Amin ukaligeuza kuwa mahabusu. Unashuka kwenye njia ya zege, vyumba viko upande mmoja vimeinuliwa juu ya sakafu, na ile njia yenyewe ilijazwa maji yakawekwa umeme. Ukitaka kutoroka lazima ukanyage maji. Ukutani kuna alama za viganja na maandishi ya mkaa.

Sasa mimi niliona nini? Unalipa kiingilio, kijana anakutembeza, anakuonyesha kwanza nyumba ya Kabaka, halafu mabaki ya magari, halafu "sasa twende kwa Amin". Wazungu wanapiga picha za viganja. Hakuna orodha ya majina. Huwezi kujua ni nani alikufa pale, Mganda, Mlangi, Mwacholi, nani? Na makao ya State Research Bureau, makachero wa Amin, pale Nakasero, ambako kulikuwa na mambo mazito zaidi, hayajawahi kufunguliwa kuwa ukumbusho. Kwa hiyo kufunguliwa si mwisho wa shida, kaka. Unaweza kufungua na watu wasijue kitu.

---

Mpitanjia wa Posta

Hiyo ya majina umenigusa pale pale. Asante, na Kiswahili chako hakina kasoro.

---

Wakili wa Baraza la Nje

Mleta uzi, hoja yako ya "kielelezo" ninaipenda kama mwanasheria ila ningependa uifafanue. Mnasema kuta ni ushahidi. Ushahidi wa nini hasa? Rangi imeshapakwa tangu zamani, watu wameingia na kutoka 2003. Mahakama itasema kielelezo kimechafuliwa.

---

Mpitanjia wa Posta

Swali zuri, nitachukua nafasi.

Buenos Aires kuna chuo cha zamani cha ufundi cha jeshi la wanamaji, kinaitwa ESMA. Kati ya 1976 na 1983 watu wapatao 5,000 walipitishwa pale, na wengi hawakutoka. Waliteswa kwenye jengo la klabu ya maofisa. Chini palikuwa pa mateso, darini palikuwa pa kulaza mateka, na ghorofa za kati maofisa walikuwa wanalala na kula kama kawaida. Wengi wa mateka walidungwa sindano ya usingizi, wakapakiwa kwenye ndege na kutupwa baharini wakiwa hai.

Sasa sikiliza hili. Septemba 1979 Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilikuwa inakuja kukagua. Manusura waliokuwa wametorokea nje walishaeleza ngazi iko wapi, lifti iko wapi, wanashukaje. Wanamaji wakaifumua lifti na kuziba ngazi ya kwenda chini, ili maelezo ya manusura yaonekane ya uongo. Walihamisha na mateka. Miaka ikapita, utawala wa kiraia ukarudi, kesi zikafunguliwa, na zile alama za lifti iliyong'olewa zikawa ndizo zinazothibitisha kwamba manusura walisema kweli. Aliyeficha aliacha alama ya kuficha.

Ndiyo maana eneo lile lilipokabidhiwa kwa umma 2004, na makumbusho yalipofunguliwa ndani ya jengo lile 2015, mafundi hawakuruhusiwa kupiga hata msumari ukutani. Maonyesho yote yamesimamishwa kwenye fremu zake, yanaweza kuondolewa na ukuta ukabaki ulivyo, kwa sababu kesi zilikuwa bado zinaendelea na jengo lilikuwa chini ya amri ya mahakama. 2023 UNESCO wakaliingiza kwenye Urithi wa Dunia.

Kwa hiyo wakili, hata rangi iliyopakwa baadaye ni habari. Nani aliagiza ipakwe, mwaka gani, ipo risiti ya Wizara ya Ujenzi? Chini ya rangi hiyo kuna nini? Mfumo wa matundu ya hewa uliwekwa na nani, na kwenye ramani ya jengo uliandikwa kazi gani? Vyumba vinavyoweza kujazwa maji havijengwi kwa bahati mbaya chini ya ofisi ya serikali. Ukileta mafundi na bajeti ya "ukarabati wa makumbusho" leo, maswali hayo yote yanaishia kwenye ndoo ya plasta.

Nyongeza ya pembeni: mwishoni mwa 2012 wizara ya sheria ya Argentina iliandaa karamu ya kufunga mwaka ndani ya uwanja wa ESMA, nyama choma tele. Baadhi ya manusura na familia wakachachamaa, wengine wakasema pale ni pa umma sasa na maisha lazima yaingie. Naombeni Wakenya mfikirie hilo mapema, maana tunajijua na nyama.

---

Fundi Bomba Umoja

Mimi si mwanasiasa, kazi yangu ni majengo. Nitasema mambo matatu ya kifundi na niondoke.

Chini ya ghorofa kama lile kuna pampu, kuna tangi, kuna umeme. Huwezi kuingiza watu hamsini kwa wakati mmoja bila njia ya pili ya kutokea. Zimamoto hawatakubali. Kwa hiyo vikundi vidogo, watu kumi, na mtu wa kuhesabu.

Lifti ndiyo itakuumiza kichwa. Lifti ya jengo la miaka ya themanini lazima siku moja ibadilishwe, vipuri vinaisha. Ikibadilishwa kibanda cha zamani kinaenda kwa muuza vyuma. Kama unataka kibaki, andika sasa, maana zabuni ikishatoka huwezi kumzuia mkandarasi.

Na unyevu. Chumba kikifungwa miaka bila hewa, chokaa inavimba na kudondoka. Kufunga si kuhifadhi. Wanaodhani wanalinda ushahidi kwa kutia kufuli wanaumaliza polepole.

---

Binti Freedom Corner

Naona wanaume tu wametajwa tangu juu mpaka hapa, isipokuwa "mama yangu hakuwa na ng'ombe".

Vuka barabara. Upande wa pili wa highway, Uhuru Park, kwenye kona inayoitwa Freedom Corner, ndipo akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipokaa mwishoni mwa Februari 1992 wakigoma kula, wakidai wana wao. Wangari Maathai alikuwa nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na gesi, Wangari akapigwa mpaka akapoteza fahamu, na baadhi ya wale mama wakavua nguo mbele ya askari. Kila Mkenya anajua maana ya mama kumvulia kijana nguo. Baadaye wakahamia kanisa la All Saints na kuendelea kwa muda mrefu, hadi wafungwa karibu wote walipoachiwa.

Mleta uzi anataka njia ifuatwe kutoka gereji mpaka korti ya jioni. Vizuri. Basi isiishie jela. Iishie pale kona, kwa sababu waliofungua milango ile ya jela walikuwa wanawake wa vijijini wenye leso na thermosi.

Na cheki kejeli ya eneo lenyewe. Ukisimama pale kona unaona jengo la mateso. Kwenye bustani ya jirani, Central Park, ipo sanamu ya Moi ya kusherehekea enzi ya Nyayo: mkono umeshika rungu unachomoza kwenye kilele cha Mlima Kenya. Uhuru Park kwenyewe kuna mnara wa walioteswa na Waingereza wakati wa Mau Mau, uliozinduliwa Septemba 2015 kwa pesa za Uingereza. Mkoloni ameshalipia ukumbusho wa mateso yake. Sisi ya kwetu tumeweka kufuli.

---

Kamwana wa Eastlands

Hiyo ya mwisho imenimaliza 🙌🏾 Nimepita hapo mara mia na sikuwahi kuunganisha.

---

Mwana wa Wajir

Na Nairobi sio Kenya yote. Uwanja wa ndege wa Wagalla, Februari 1984: wanaume wa Degodia, ukoo wa Wasomali, walikusanywa, wakavuliwa nguo, wakaachwa juani siku kadhaa bila maji, wakapigwa risasi. Serikali kwa muda mrefu ilishikilia 57. Tume ya Ukweli ilipokaa ikasema waliouawa huenda walikaribia elfu moja. Kwetu hakuna ghorofa wala lifti, kuna ardhi tupu na waya. Mkipigania lenu msitusahau, maana kumbukumbu ya mji hupata kamera na ya jangwani hupata upepo.

---

Sina Imani

Mimi ni mpinzani wa hoja nzima. Kuanzia maandamano ya Juni 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu visa 82 vya watu kutekwa hadi mwisho wa mwaka ule, na wengine walikuwa bado hawajulikani walipo. Magari yasiyo na namba halisi, nyuso zimefunikwa, kitambaa machoni. Mnajua hii hadithi, mleta uzi ameisimulia hapo juu ya 1986. Sasa serikali ile ile ikate utepe chini ya Nyayo House, waziri atoe hotuba kuhusu "enzi za giza zilizopita", picha, chai, mandazi. Huo utakuwa ukumbusho au kificho? Ukiweka mateso kwenye makumbusho unatangaza kwamba yamekwisha.

---

Mpitanjia wa Posta

Sina Imani, hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote humu na siwezi kuijibu kwa mstari mmoja.

Kwanza, hatari unayoisema imeshatokea. 2003 ilikuwa hasa hivyo: utepe, machozi, kufuli. Pili, kutofungua nako hakujazuia kitu. Chad, mahakama iliamuru 2015 serikali ijenge ukumbusho na kugeuza makao ya polisi wa siri wa rais wa zamani, Hissène Habré, kuwa makumbusho. Habré mwenyewe alihukumiwa Dakar mwaka uliofuata. Manusura wakasubiri amri itekelezwe, na bado wakawa wanasubiri. Kule N'Djamena kuna bwawa la kuogelea lililofunikwa kwa zege na kugawanywa vyumba vya mahabusu. Kuliacha bila kibao hakukuwafanya watawala waliofuata kuwa wapole.

Ndiyo sababu nang'ang'ania kielelezo badala ya makumbusho. Kwenye makumbusho mgeni anaambiwa yamepita. Kwenye kielelezo anaulizwa nani alifanya, kwa amri ya nani, na kwa nini bado hajaitwa. Majina ya waliokufa yawepo, kama alivyosema ndugu wa Kampala, na majina ya vyeo vilivyosaini yawepo pia. Orodha iwe na nafasi tupu chini. Waziri hatapenda kukata utepe mbele ya nafasi tupu.

Na wasimamizi wasiwe ofisi ile ile ya juu. Robben Island, Afrika Kusini, wanaotembeza wageni gerezani ni waliofungwa humo. Hapa kwetu manusura wapo, wamejipanga kwa vyama vyao tangu zamani, na hawana miaka ishirini mingine ya kungoja kamati.

---

Mswahili Joburg

Kuongezea kidogo. Huku kuna Constitution Hill, gereza la zamani ambalo Gandhi na Mandela wote waliwahi kufungiwa. Sehemu ya mahabusu waliokuwa wakingoja kesi ilibomolewa na matofali yake yakajengea ukuta wa Mahakama ya Katiba, iliyofunguliwa Machi 2004. Ngazi za lile jengo lililobomolewa zimeachwa zimesimama. Majaji wanapita kila asubuhi. Wageni wapo, kesi zinaendelea, na hakuna aliyesema ofisi ihame kwanza. Nasema hivi kwa sababu nimesikia huko Nairobi hoja kwamba haiwezekani mpaka Uhamiaji waondoke.

---

Wakili wa Baraza la Nje

Hata Nairobi mfano upo. Chini ya jengo la Mahakama ya Juu kuna makumbusho ya Idara ya Mahakama, na juu majaji wanasikiliza kesi. Kwa hiyo ile ya "ofisi inatumika" haina miguu.

Mleta uzi, umenishawishi nusu. Nipo tayari kuandika rasimu ya ombi kwa waziri mwenye dhamana ya urithi, chini ya ile Sheria ya 2006, nakala kwa Makumbusho ya Taifa na kwa Tume ya Haki za Binadamu. Ila ombi lazima litaje sehemu kwa usahihi. Ukiandika "vyumba vya chini" peke yake, watatangaza vyumba vya chini peke yake.

---

Mpitanjia wa Posta

Basi iandikwe hivi: njia ya magari ya kuingilia chini, vyumba vyote vya chini pamoja na mfumo wa hewa na maji, lifti iliyotumika pamoja na kibanda chake, na walau chumba kimoja kwenye ghorofa ya 24. Ramani halisi za ujenzi ziwekwe chini ya ulinzi wa Nyaraka za Taifa. Hakuna kupaka, kukwangua wala kubadilisha kifaa chochote kabla ya wataalamu kupiga picha na kupima. Manusura wawe wengi kwenye kamati. Kibao mlangoni, pale foleni ya pasipoti inapoanzia, kwa Kiswahili kwanza.

---

Binti Freedom Corner

Na kona. Umeisahau tena kona.

---

Mpitanjia wa Posta

Na Freedom Corner, 1992, majina ya akina mama. Wakili, iongeze kama kipengele cha tano. Nani ana orodha yao kamili?

---

Mzee Maziwa

Sijabadili msimamo kuhusu 82. Lakini mmoja wa mama wale alikuwa jirani yetu kijijini. Wakili, nitakutumia jina lake kwa ujumbe wa faragha, kwanza niwaulize wanawe kama wanakubali liandikwe.